Shavu Nililompa Bibi

Mheshimiwa Diwani, wazee wetu wa bonde hili la Halawa, waganga wa mitishamba mliovuka maji kutoka visiwa vya Maui na Oahu, ndugu wageni waalikwa, nanyi watoto ambao mmeshachovya vidole kwenye poi, rojo letu la magimbi, kabla ya wageni: aloha.

Ratiba inasema mimi, Nohea, mjukuu wa Bibi Haunani, nitasema dua ya bibi, kisha nitafungua fundo la shada la majani ya maile pale mlangoni, na nyumba hii ya tiba yenye jina lake ianze kazi. Ndugu zangu, nimesimama hapa kwa aibu, kwa sababu dua hiyo siijui. Hii niliyoishika tumeitunga jana, mimi na Mjomba Kaipo. Nilimuuliza, "Mjomba, na wakitugundua?" Akasema, "Watajuaje? Wewe vuta sauti tu, mwishoni taja mababu. Watainamisha vichwa, halafu watakula." Mjomba, usitazame viatu, hata mimi nilicheka.

Mara ngapi mmetupa pole kwamba bibi kaondoka na dua zake, nasi tukazipokea? Hakuondoka nazo. Wazee mnajua mganga anavyorithisha: kabla hajafa, humpulizia pumzi yake mdomoni yule aliyemchagua. Mwaka jana nilikuja kutoka Honolulu na marashi yangu na haraka zangu, bibi akaniita kwa kidole niiname. Nilijua anataka nini. Lakini nilisikia harufu ya ugonjwa, nikageuza uso, nikampa shavu. Akalibusu. Angefanya nini? Kisha akamtazama Mama Ligaya, jirani yetu Mfilipino, aliyekuwa akimwosha na kumgeuza kitandani tulipokuwa tunatuma salamu kwa simu. Akamwambia, "Haya Ligaya, njoo wewe basi." Nikaiona pumzi ya ukoo wetu ikipita, mdomo kwa mdomo, nami nimesimama pembeni nikijifuta shavu.

Siku ile tukiwa garini Mjomba alisema, "Yule si damu yetu, ile haihesabiki." Nikakubali, maana ilinifaa.

Na leo asubuhi je? Mama Ligaya amefika getini na sufuria ya nyama ya nguruwe iliyofungwa kwa majani ya magimbi. Binamu yangu akamwambia, "Mama, chakula kinapitia nyuma. Viti vya mbele ni vya familia." Akajibu, "Sawa, mwanangu. Nilitaka tu kuuona mlango." Nilikuwa karibu, nikirekebisha maua shingoni, na nilisikia kila neno. Mheshimiwa, ungekuwa wewe ndiye bibi, ungetaka mtu kama mimi akufungulie nyumba?

Kwa hiyo karatasi hii naikunja. Nakushukuru Mheshimiwa kwa mbao na mabati, nawashukuru wazee kwa kuja na miguu inayouma, nawaomba radhi nyote kwa yale niliyokuwa karibu kuwalisha.

Mama Ligaya, najua unanisikia huko jikoni, maana sufuria zimenyamaza. Njoo na aproni yako hivyo hivyo, utufungulie mlango. Na siku ukiona nafaa, niite. Safari hii sitageuza uso.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tunyamaze, tumsikilize yeye.