Mzee Mukhwana na Kamba Iliyokaa Stoo Miaka Ishirini na Tisa

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Joram Mukhwana anastaafu baada ya kuliendesha na kulitunza gari la Ushirika wa Maziwa wa Mlimani, Kitale, kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Juni 1996, akiwa kijana mwembamba kutoka Bungoma mwenye leseni mpya, mke mmoja na mabinti wanne. Wembamba ulistaafu mapema. Vingine vyote angali navyo.

Siku hiyo ya kwanza alikabidhiwa vitu vitatu: ufunguo wa pikapu nyeupe, jeki, na kamba nene ya kuvutia gari likiharibika njiani. Ufunguo aliuchukua. Jeki aliichukua. Kamba aliitazama kama mtu aliyeletewa jeneza kabla hajaugua, akaisukuma kando na kusema, "Hii pelekeni stoo, mtafungia ng'ombe. Gari yangu haitavutwa."

Kamba ikapelekwa stoo ikiwa bado imefungwa kwa uzi wa dukani. Kuanzia hapo kila dereva aliyeajiriwa alionyeshwa kamba hiyo kwanza, kisha akaonyeshwa choo. Aliyengojea kwa hamu kuliko wote itumike ni Bwana Kipkirui, dereva wa lori letu la maziwa. Lori lake ni la dizeli, halina plagi hata moja ya kuwashia moto, na jambo hilo hajawahi kuacha kulitaja. Kila asubuhi alipopita karibu na pikapu alipiga boneti kofi moja na kusema, "Mukhwana ndugu yangu, kamba inakusalimia." Lori la Kipkirui limevutwa mara tatu. Jambo hilo halitaji.

Kwa wasiofahamu kazi ya pikapu, ndiyo inayompeleka daktari wa mifugo pamoja na mtungi wa mbegu za fahali kwa wakulima, kuanzia Kitale hadi Suam, Kapsokwony na kuteremka Bungoma. Mkulima hupiga simu asubuhi kwamba ng'ombe wake anataka dume, na ng'ombe wa namna hiyo hangoji kesho. Mzee Mukhwana hakuwahi kumkosesha mkulima. Kule Kapsokwony ndama kadhaa wameitwa Mukhwana, na hakuna hata mmoja aliyeitwa jina la daktari. Daktari amelipokea hilo vizuri, isipokuwa siku anazolikumbuka.

Mwaka 1998 gari lilipelekwa kwa fundi mmoja mjini likawekewe plagi mpya. Liliporudi, Mzee alizifungua kuhakikisha, akakuta zile zile za zamani zimeoshwa kwa petroli. Moja ilikuwa na pengo ukingoni, naye akaitambua kama mtu anavyolitambua jino lake. Tangu hapo plagi za pikapu, pamoja na koili inayozipa umeme, hubadilishwa nyumbani kwake, uani, nyuma ya nyumba anayopanga karibu na Kipsongo, na wafanyakazi wenzake hujitolea kusaidia. Kujitolea huko kuna sababu. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba plagi haiguswi mpaka injini ipoe kabisa, na katika miaka yote hiyo injini haijawahi kupoa kabla ya ugali na kuku wa Mama Nasimiyu, mke wake, kuisha mezani.

Kanuni ya pili ni kwamba plagi huanza kufungwa kwa vidole, polepole, kama mtu anayefunga chupa ya dawa ya mtoto. Ikikataa, unaitoa na kuanza upya. Spana huja mwisho, nayo huja kwa adabu. Kanuni ya tatu ni kutoa waya moja, kubadilisha plagi moja, kurudisha waya ile ile, ndipo uende kwa nyingine. Hii ya tatu aliipata kwa gharama ya jirani. Mara yake ya kwanza alitoa waya zote nne pamoja, akazirudisha kwa kukisia, na gari lilipowashwa lilipiga mlio uliomfanya jirani adai kwamba kuku wake waliacha kutaga. Mzee alipeleka trei ya mayai kuomba msamaha, jambo ambalo jirani hakulipenda.

Ni baada ya tukio hilo ndipo mabinti walipoingia kwenye injini. Injini ya pikapu ina plagi nne, na kila plagi huletewa moto wa umeme na waya yake kutoka kwenye distribyuta, kifaa kinachougawa. Moto huo haufuati hesabu ya kawaida. Huanza ya kwanza, ikafuata ya tatu, kisha ya nne, halafu ndipo hurudi ya pili. Mzee hapendi tarakimu. Alichukua utepe akaandika jina la kila binti kwenye waya kwa jinsi walivyozaliwa: Nasimiyu ya kwanza, Pauline ya pili, Nekesa ya tatu, Nafula ya nne.

Mabinti wakakua, wakaanza kuolewa. Nasimiyu alitangulia. Kisha Nekesa. Kisha Nafula. Pauline, ambaye anauza vipuri vya pikipiki mjini Bungoma na hana haraka na mtu, alibaki. Wazee wa ukoo walifunga safari hadi Kitale kulalamika kwamba mkubwa amerukwa na wadogo wake. Mzee Mukhwana aliwatoa nje, akafungua boneti, akawasha injini.

"Hii inaanza moja, inaruka inaenda tatu, inaenda nne, ndiyo inarudi mbili," aliwaambia. "Mnasikia ikilia?"

Walisema hawasikii.

"Basi hata Pauline halii. Karibuni chai."

Hayo ndiyo yakawa mafundisho yake ya mpangilio wa waya: fuata harusi. Pauline peke yake ndiye hakuyapenda. "Baba, mimi si plagi," alisema kila alipoiona boneti imefunguliwa, na kila mara baba yake alimjibu kwamba plagi ya pili ndiyo huwaka vizuri kuliko zote.

Mambo mengine tunayataja kwa ufupi. Mvua kubwa ya barabara ya Suam ilipolowesha koili, Mzee aliifunika kwa pakiti tupu ya mtindi wetu, ikafika salama, naye akadai ushirika umlipe kwa kututangazia biashara ndani ya boneti. Alikataa gari jipya mara mbili. Alimfundisha daktari kuendesha, na hadi leo Mzee huomba asitajwe katika jambo hilo. Tumemtaja.

Tunafika wiki hii yake ya mwisho. Meneja wetu, Bi. Wacuka, aliamua kwamba pikapu ijifunze kuishi bila Mzee. Kuanzia Jumamosi iliyopita, alisema, mkono wa kufungua boneti uwe wa Bwana Kibiwott, dereva anayemrithi, na Mzee aweke mikono yake mfukoni. Mzee alikubali kwa sharti moja: kamba isitoke stoo kabla yeye hajatoka kazini. "Nimebakisha wiki moja," alisema. "Mkinivuta sasa, miaka yote hiyo itakuwa ilikuwa ya nini?"

Jumamosi Mzee alikwenda Bungoma kwa matatu kumchukua Pauline, ambaye hatimaye anaolewa mwezi Desemba na alikuwa na vitambaa vya kuja kushonesha Kitale. Kibiwott alibaki uani na plagi nne mpya, koili mpya, na agizo la kubadilisha zote peke yake kama mtihani. Alingoja injini ipoe. Alikula. Kisha, kwa kutaka kusafisha kila kitu, akatoa waya zote nne kwa pamoja.

Majina aliyaona kwenye utepe, kwa hiyo kila waya ilirudi kwenye plagi yake. Upande wa distribyuta ndio uliomshinda, kwa sababu alikuwa amesahau nani aliolewa lini. Kumpigia mwalimu simu katikati ya mtihani aliona aibu. Akasogea dirishani jikoni, ambako Mama Nasimiyu alikuwa akichagua maharagwe, na kuuliza kwa heshima, "Mama, ati hawa wasichana waliolewa wakifuatana namna gani?"

"Nasimiyu," alijibu Mama bila kuinua macho, "akaja Nafula, akaja Nekesa. Pauline ndiye anafunga."

Kibiwott alishukuru na kupanga waya hivyo hivyo. Hakuliwasha gari, maana alitaka Mzee mwenyewe asikie mlio wa kwanza.

Jumatatu asubuhi Mzee aliusikia. Ulikuwa kikohozi, mshindo mmoja, halafu kimya. Jirani alitoka akahesabu kuku wake. Daktari alikuwa ameshafika na mtungi, na simu mbili zilikuwa zimetoka Kapsokwony kwa wakulima ambao ng'ombe wao hawangengoja.

Mzee alisimama hatua tatu kutoka kwenye boneti, mikono mfukoni kama alivyoamriwa, akauliza, "Ulifuata harusi?"

"Nilifuata, mzee. Zote."

Kwa kuwa harusi zilifuatwa, lawama ikaiangukia koili. Mzee alisema hiyo ni bandia, si unaona hata rangi yake. Kibiwott akarudisha ya zamani. Gari likakohoa vile vile. Plagi zikatolewa tena, zikatazamwa moja moja, zikarudishwa kwa vidole na kwa adabu. Kikohozi. Bi. Wacuka, aliyekuwa amekuja kushuhudia mtihani, akawakumbuka wakulima wa Kapsokwony, akapiga simu stoo. Baada ya muda mfupi lori la maziwa likaingia kwenye kichochoro likirudi nyuma, Kipkirui usukani, na kamba ikiwa mapajani mwake.

Tuliokuwapo hatutasahau uso wa Mzee Mukhwana pale Kipkirui alipokata ule uzi wa dukani. Aligeuka akatazama ukuta.

"Usilie bana," alisema Kipkirui, naye akipiga magoti mbele ya pikapu. "Nitakuvuta polepole. Hata wakulima watakupungia mkono."

Hapo ndipo Pauline alipotoka na thamosi ya chai, akasikiliza kikohozi cha mwisho, akaitazama boneti.

"Kibiwott, umefuata harusi za nani?" aliuliza. "Za baba ama za mama?"

Hakuna aliyejua kwamba ziko aina mbili. Kumbe Mzee huhesabu harusi kuanzia siku ya kanisani, na Mama Nasimiyu huhesabu kuanzia siku ng'ombe wa mahari walipoingia uani. Nekesa alitangulia kanisani, lakini ng'ombe wake walichelewa miaka mitatu. Wakati huo, wale wa Nafula walikuwa wameshafika na kuzaa.

"Bila ng'ombe hiyo si harusi," alisema Mama kutoka dirishani. "Hiyo ni picha."

Kibiwott alibadilisha nafasi za waya mbili kwenye distribyuta, ya Nekesa na ya Nafula. Mzee aliingia ndani ya gari, kwa kuwa usukani hakuwa amekatazwa, akazungusha ufunguo. Pikapu iliwaka mara moja, ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Kipkirui alikuwa bado amepiga magoti, ncha ya kamba mkononi, fundo likiwa nusu.

"Ningejua ningefunga haraka," alisema.

Bi. Wacuka ameamua kwamba nusu fundo si kuvutwa. Ng'ombe wa Kapsokwony walihudumiwa siku hiyo hiyo, na Kibiwott ndiye aliyepandisha gari mlimani, Mzee akiwa kando yake kama abiria, akikanyaga breki ambayo haikuwapo. Nyumbani mjadala wa ndoa ya Nekesa unaendelea. Pauline amewaagiza wakwe zake watarajiwa kwamba kanisa na ng'ombe viwe wiki moja, ili waya yake isilete maneno.

Zawadi ya wafanyakazi kwa Mzee ni mtamba mmoja, mweusi mwenye madoa meupe, wa kwenda naye Bungoma. Jana Alhamisi aliitwa ajaribu kumwongoza kabla ya sherehe. Kamba iliyokuwa karibu ilikuwa ni ile ile, na ikaonekana ni haki ifanye kazi aliyoipangia mwenyewe mwaka 1996. Mzee alijizungushia ncha mkononi, akamwambia mtamba, "Twende mama." Mtamba akaenda. Alikwenda kutoka mizani ya maziwa hadi kwenye lango kuu bila kusimama, na Mzee Mukhwana nyuma yake, kofia ikiwa imebaki njiani, visigino vikichora mistari miwili kwenye udongo wa murram. Kipkirui alikimbia kando yao mwendo wote akipaza sauti, "Amevutwa! Jamani, andikeni! Amevutwa!"

Tumeandika. Lakini gari lake halikuvutwa, na ahadi yake ilikuwa ya gari.

Mzee Mukhwana, asante kwa kila mlima uliotupandisha na kila sahani iliyongoja injini ipoe. Mama Nasimiyu, asante kwa sahani zenyewe. Tunawatakia Bungoma yenye nyasi za kutosha, mtamba mwenye huruma, na Desemba ya furaha kwa Pauline. Na kamba hiyo usihangaike kuirudisha stoo.

Waithera Muturi
Stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote