Mashine Ndogo Niliyopewa Badala ya Mkono

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Kabla sijaendelea, tazameni mkono wangu huu wa kulia. Vidole vitatu havikunjiki. Mchungaji ameniambia niliseme jambo hili mwanzoni kabisa, ili mtu asikae akingoja niunyanyue mwishoni tushangilie. Mkono haujapona, na bado nimesimama kumshukuru Mungu!

Wengi mnanifahamu. Nilikaa Kitwe huko Zambia miaka mingi, nikasoma kwa kujilipia, nikapata diploma ya ufundi, nikarudi Tunduma na zana zangu juu ya lori. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Karakana nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Na semeni kweli, ile milango ya mninga yenye maua utadhani yanapumua, nani mwingine aliichonga mji huu? Watu walivuka mpaka kutoka Nakonde kunitafuta. Sijisifu, nasimulia tu.

Basi siku moja nilipanda pikipiki kwenda Galula kutazama mbao. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imenyesha, njia imekuwa utelezi, pikipiki ikalala na mimi nikaangukia mkono. Hospitali walinitibu vizuri, mfupa ukaunga. Lakini mishipa ya vidole ilikataa. Nilishika patasi, ikaanguka. Nikaifunga kiganjani kwa mpira wa baiskeli, ikachimba mahali nisipotaka. Ndugu zangu, mchongaji asiyeweza kushika patasi ni nani?

Na wakati huo nilikuwa nimepokea kazi ya Mzee Masanja, mfugaji wa huko chini Momba. Huyu mzee alihama na ng'ombe wake kutoka Usukuma, akatangatanga miaka, na sasa alikuwa amejenga nyumba yake ya kwanza ya tofali. Alitaka mlango wenye picha ya maksai wake, Chapakazi, aliyevuta mkokoteni wenye vitu vyao vyote mpaka wakafika huku. Maksai huyo alishakufa. Alinitumia picha yake kwenye simu, pembe moja imeinama kama inasikiliza ardhi.

"Fundi," aliniambia, "wajukuu zangu hawakumkuta. Nataka wamjue."

Ningemwambiaje kwamba siwezi? Kumwambia yeye ilikuwa ni kufunga karakana.

Fundi Simbeye, jirani yangu wa karakana ya pili, naye hakuniacha nipumue. "Mwenye diploma!" alikuwa akiita mbele ya wateja. "Si uifundishe hiyo karatasi kushika patasi?" Watu wakicheka, na mimi nilicheka. Ndani nilikuwa nalia.

Nilifunga. Niliomba. Wazee wa kanisa waliniwekea mikono. Ombi langu lilikuwa moja tu: Bwana, nirudishie vidole! Vidole vikabaki vilivyo.

Nilikuwa nimeshaona kwenye simu mashine za CNC, zile zinazochonga zenyewe zikiongozwa na kompyuta. Unachora picha kwenye kompyuta, kisu kinashuka na kuifuata juu ya ubao. Roho yangu ikatamani ile kubwa, inayolaza mlango mzima kama mgonjwa kitandani. Nikasema, mtu wa hadhi yangu hawezi kununua kitu cha kuchezea! Nikamwita mke wangu.

"Mama Neema, tuuze shamba la kahawa la Igamba."

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua maharage. "Baba Neema, hiyo mashine ikifika, utaipitishia wapi? Utabomoa ukuta? Au utaiweka sebuleni, sisi tulale chini yake?"

"Nitabomoa."

"Na umeme wake? Si ulisema inataka fezi tatu, ule umeme wa viwandani? Hapa hata pasi ikiwashwa taa inakonyeza."

Nilikasirika, nikatoka. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na nilikuwa sina njia. Kubwa siiwezi. Ndogo, nilijiambia, haitoshi mlango.

Jumapili iliyofuata nilichelewa ibada. Upepo ulikuwa mkali, mhudumu akafunga mlango nyuma yangu, nikakaa kiti cha mwisho kando ya mlango huo. Mkono ulikuwa unauma, nikaegemea. Macho yangu yakaangukia mlango wa kanisa, mlango nilioutengeneza mimi mwenyewe, na mpaka leo sijaona mwenzake. Nikautazama. Fremu. Vibao sita. Na kila kibao hakizidi mto wa kulalia!

Ndugu zangu, lini niliwahi kuchonga mlango mzima kwa pamoja? Maisha yangu yote nimechonga kibao kimoja kimoja, kisha nikavipachika kwenye fremu. Mlango ni vibao! Nikapaza sauti, "Amina!" Mchungaji wakati huo alikuwa anatangaza safari ya kwaya. Watu waligeuka wote. Sikujali! Mungu alikuwa amenihubiria kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Chanda, yule mama wa Kizambia anayeuza mashine ndogo ndogo hapa mjini. Alikuwa nazo mbili za CNC, za wachongaji wa nyumbani, zote za umeme wa kawaida.

"Ba fundi, mukwai, chukua hii," akasema kwa heshima ya lugha ya kwao. "Nyepesi, ina mbio kama sungura." Akaiwasha, ikachora ua kwenye ubao wa paini.

"Mama, paini hata mimi nachonga kwa ukucha. Iwekee huu." Nikatoa kipande cha mninga nilichokuja nacho kwapani.

Ile yenye mbio ilivutwa na mikanda ya mpira. Ilipougusa mninga ikatetemeka yote, ua likatoka kama limechorwa na mtu aliye ndani ya lori. Ya pili ilisukumwa na skrubu ndefu za chuma, fremu yake nzito. Ilikwenda polepole, lakini ua lilitoka safi. Nikapima uwanja wake wa kuchongea: kibao changu kiliingia. Nikaichukua. Shamba la Igamba halikuguswa, Bwana asifiwe!

Na hapo diploma ikafanya kazi. Kuchora nilisomea! Nilimchora Chapakazi kwenye kompyuta kwa mkono wa kushoto, pembe, nundu, mikunjo ya shingo. Mara ya kwanza umeme ulikatika kisu kikiwa shingoni, kibao kikaharibika. Tukaweka kingine. Mama Neema alishika msasa, mimi nikalainisha macho ya maksai kwa kushoto, maana macho sikutaka kuiachia mashine.

Vibao vyote vilipokaa kwenye fremu, Mzee Masanja alikuja na mkewe na wajukuu. Nikaufunua mlango shuka. Mzee akasogea karibu. Akagusa ile pembe iliyoinama. Kisha akapiga mluzi, ule wa kuita ng'ombe jioni, humo humo karakanani.

"Babu, ndiye huyu?" mtoto akauliza.

"Ndiye. Msalimieni."

Wakasema wote kwa pamoja, "Shikamoo, Chapakazi!"

Hata Simbeye, aliyekuwa amechungulia mlangoni, alivua kofia. Mimi niligeukia ukuta nikalia, safari hii kwa sauti.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, nawashukuru mlioniombea. Maombi yenu hayakupotea njia. Na wewe uliyeketi hapo, uliyeomba kitu kimoja mpaka magoti yakaota sugu na hujakipata, nakusihi usimwache Bwana. Njoo kwake leo na hicho kilichobaki, hata kama ni mkono wa kushoto. Mimi nilimletea huo, na ndio ninaoutumia sasa kuwaaga. Amina!