Muzee Sikuli na Neno Alilolisikia Kibati

Tarehe 31 Machi 2026, Muzee Sikuli Kamate atavua salopette yake ya bluu, ovaroli ya kazi, kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutumika katika garage ya Safari Bon Retour, kampuni yetu ya mabasi, hapa Goma. Aliingia mwaka 1993 akiwa msaidizi wa kubadilisha pneu, matairi, na anatoka akiwa chef wa mafundi wote. Wakubwa wameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe: uwe mfupi, uwe wa furaha, usichoshe watu kabla ya chakula. Nitajaribu. Kuhusu ufupi sina hofu, ila hiyo furaha tutaona.

Alizaliwa Butembo mwaka 1966. Alikuja Goma juu ya lori la vitunguu ambalo lilikufa mara nne njiani, na mara zote nne yeye, abiria tu aliyelipa nauli yake, ndiye aliyeingia chini kulifufua. Mwenye lori alipofika mjini akampeleka moja kwa moja kwa patron Achille, mwanzilishi wa Safari Bon Retour, akamwambia kwamba akimwacha kijana huyu aende zake atajuta. Wiki ile ile Sikuli akapewa salopette. Ilikuwa fupi, na picha yake ya mwaka ule bado iko ukutani, soksi zikionekana zote.

Namna yake ya kazi mnaijua. Huweka ncha ya tournevis, bisibisi, kwenye moteur ya gari, mpini sikioni, hufumba macho, kisha husema ugonjwa ni nini. Hajawahi kukosea zaidi ya mara mbili, na mara ya pili anakataa mpaka leo. Madereva wetu wa njia ya Butembo walikuwa hawaondoki bila kumuuliza wasimame wapi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia: pneu za nyuma badilisha Rutshuru, usingoje Kanyabayonga, mlima utakuchukua. Waliomsikiliza walifika. Wasiomsikiliza nao walifika, lakini wakivutwa na kamba.

Januari 2002, volkano ilipoteremka mjini, watu walikimbia na magodoro. Muzee Sikuli alikimbia na sanduku la clés, spana zote za garage. Watoto alibeba mama Micheline, mke wake, na muzee hukumbushwa jambo hilo kila mwaka, mwezi huo huo, mbele ya wageni. Garage yote iliungua. Wiki mbili baadaye ilifunguliwa upya juu ya jiwe ambalo lilikuwa bado na uvuguvugu, na kifaa pekee kilichokuwepo ni sanduku lile.

Sasa tufike kwenye Jumapili, maana anayeandika juu ya Sikuli bila kuandika juu ya Jumapili hamjui. Patron Achille alikuwa ametununulia televisheni na parabole, dishi lake, akaviweka katika ukumbi wetu wa kulia chakula. Baada ya misa na baada ya kula, tulikuwa tunakuja kuangalia Formule Un, watu kumi na sita kwenye viti kumi. Muzee aliwasha groupe, jenereta ya garage, akakaa karibu na televisheni, sikio moja limeelekezwa kwenye moteur za Wazungu. Alikuwa anajua pneu za nani zimekwisha kabla mtangazaji hajajua. Mpinzani wake mkuu alikuwa mama Annonciata wa bureau ya tiketi, ambaye aliandika muda wa kila mzunguko katika daftari la shule na hakukubali kudanganywa na mwanamume yeyote. Mmoja alisema gari nyekundu iingie sasa ivae pneu mpya, mwingine alisema ingoje mvua. Walibishana mpaka gari lenyewe likawa limeshaingia na kutoka.

Siku moja groupe ilizimika ikiwa imebaki mizunguko mitatu. Hakuna aliyejua nani ameshinda. Basi tulibaki pale hadi jua kuzama tukibishana juu ya course, mashindano ambayo mwisho wake hatukuuona, na nakuambieni, sijawahi kufurahi hivyo tena. Siku hizi tumebaki watano. Wengine wamehama, wengine wamezikwa, na patron Achille mwenyewe alituaga mwaka 2019. Ninazitamani Jumapili zile mpaka nasikia uchungu.

Lakini ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya ordre ya timu. Kwa asiyejua: timu moja ina magari mawili, na wakati mwingine chef humwamuru dereva aliye mbele ampishe mwenzake. Mama Annonciata aliona huo ni wizi wa mchana. Kila mtu akimbie kwa mikono yake, ndivyo alivyosema, na Mungu ataona. Muzee Sikuli alikuwa upande wa ordre, tena kwa ukali ambao hakuwa nao katika jambo lingine lolote. Timu ni nyumba, alisema, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapo mama Annonciata alikuwa akimjibu kwamba yeye Sikuli alilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile. Wote tulijua anasema juu ya course ya Kibumba.

Vijana walioajiriwa juzi huenda hawajui habari hiyo. Mwaka 2010 wafanyabiashara wa mtaa waliandaa course ya moto, yaani pikipiki, kutoka Goma mpaka Kibumba na kurudi. Mshindi angelipiwa kila kitu aende Kampala, kukimbia kwenye uwanja wa kweli, na watu wa nchi nyingine. Safari Bon Retour ilitoa wawili. Wa kwanza alikuwa Sikuli, miaka arobaini na minne, ambaye tangu utoto alikuwa haoti kitu kingine. Wa pili alikuwa kijana wa magasin, ghala la vipuri, miaka ishirini na sita, picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya kampuni akiwa amekaa juu ya moto. Jina lake Edmond Munguakonkwa. Ndiye anayewaandikia.

Kwenda Kibumba nilikuwa mbele. Kurudi, kwenye mteremko, muzee alinipita kama nimesimama, na moto yake ilikuwa ya zamani kuliko yangu. Tulipokaribia Kibati hapakuwa na mtu mwingine karibu, ni sisi wawili tu, yeye mbele, mimi nyuma yake nakula vumbi lake. Patron Achille alikuwa amesimama kando ya barabara juu ya jiwe, anapunga mkono, anapiga kelele: "Muache! Muache!"

Muzee alilegeza mkono, akasogea kulia, akanipa njia. Nikapita. Niliingia Goma wa kwanza, yeye akaingia nyuma yangu kwa urefu wa moto moja, na watu wakanibeba.

Kampala nilikwenda. Nilianguka mzunguko wa pili, nikamaliza wa kumi na moja. Niliporudi, Muzee Sikuli alinikaribisha kwake, mama Micheline akapika samaki, na muzee akaniuliza maswali mpaka nikachoka. Udongo wa kule ni mwekundu au mweusi? Kile chuma kinachoanguka mbele ya gurudumu wakati wa kuanza, kinaanguka kwa sauti gani? Kwa miaka mingi aliniuliza swali hilo la chuma. Nilimjibu kila mara, na kila mara alitikisa kichwa polepole, akirudia sauti ile mwenyewe kwa mdomo, ta.

Basi mama Annonciata, kila gari lilipopishwa kwenye televisheni, aliirudisha Kibati. Hoja yake ilikuwa ya sarufi. Kama patron alitaka umpishe Edmond, alimwambia, angesema muachie, muachie njia. Yeye alisema muache. Kumuacha mtu ni kumkimbia, ni kumtupa nyuma. Muzee alicheka. Alimuuliza kama yeye amewahi kuvaa casque, kofia ya pikipiki, upepo ukipiga masikio, moteur inalia, halafu aweze kutafuta herufi i. Na isitoshe, alisema, alichosikia hakikumshangaza. Patron alikuwa na kijana wa kalenda na muzee wa garage. Wewe ungempeleka nani Kampala? Alisema hivyo akitabasamu, kisha alikuwa akiinuka kwenda kuangalia mafuta ya groupe, hata kama yalijazwa muda si mrefu uliopita.

Course ile haijaandaliwa tena. Mwaka 2021 volkano iliteremka kwa upande ule na kuikata barabara, na jiwe alilosimama patron likafunikwa na mawe mengine. Yalipopoa, muzee aliniomba twende kuangalia. Alisimama pale muda mrefu, mikono mgongoni, akitazama juu kuelekea Kibumba. Nilidhani anasali. Alichosema tu ni kwamba kona ile ilikuwa nzuri, na kwamba hata leo angeiingia bila breki. Siku hizi magari yenyewe ya njia ile yanahesabika.

Nimefika mahali ambapo wasifu mwingine ungeorodhesha vyeti. Mimi nina deni la neno, na nimeona vibaya kulila.

Alasiri ile ya 2010, watu walipokuwa bado wanacheza, patron Achille alinivuta nyuma ya gari la camionnette. Alikuwa anacheka, lakini kichwa amekishika kwa mikono miwili. Akaniambia: "Nilimuambia akuache nyuma. Wewe ulikuwa umekwisha, yeye alikuwa angali na nguvu. Sasa njo nini alifanya, ndiyo nini hii?" Kisha akaacha kucheka. Alisema majina ya Kampala yanafungwa Ijumaa. Yeye mwenyewe hakutaka kumuumiza muzee kwa kumwambia kwamba alisikia vibaya. Lakini nikienda mimi kumwambia, na kumpa nafasi yake, basi jina litabadilishwa bila makelele.

Ijumaa ilifika, nikapita mlango wa garage mara tatu. Sikusema. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimeshaagiza buti. Baada ya Kampala nilijiambia haina maana tena. Baada ya kifo cha patron nilijiambia hakuna shahidi. Na Jumapili baada ya Jumapili nilikaa kati ya hawa wawili, nikisikia mama Annonciata ana haki, nikanyamaza kama vile na mimi sijui.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu sikuweza kupita hapo. Mwezi uliopita nilimkuta chini ya basi, nikamwomba atoke. Nilimwambia yote, maneno ya patron kama alivyoyasema, na Ijumaa, na buti. Nilitegemea anipige au anifukuze. Nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

Muzee alikaa juu ya pneu. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, hata vile vilivyokuwa safi. Aliniuliza patron alikuwa na uso gani aliposema kwamba angali na nguvu. Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa na furaha, alikuwa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu akapoteza tiketi. Muzee akaangalia chini. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

"Kumbe aliona naweza," akasema.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nafikiri nimemnyima Kampala. Nilijilaumu kwa udongo mwekundu na kwa kile chuma. Kumbe kwa miaka kumi na sita mtu huyu alikuwa anaamka asubuhi, anatengeneza magari ya patron ambaye, kadiri alivyojua, alimwona amezeeka. Ndiyo sababu alitetea ordre kwa ukali vile. Ilikuwa afadhali aamini kwamba alitii kwa heshima, kuliko kukaa na wazo kwamba alipimwa akaonekana amepunguka. Na dawa ilikuwa mfukoni mwangu, sentensi moja tu.

Siku tatu tulisalimiana tu bila kuzungumza. Siku ya nne alikuja magasin, akaniambia niandike kama ilivyokuwa, nisitie sukari. Mama Annonciata naye ajue kwa maandishi kwamba alikuwa na haki, kwa sababu akiambiwa kwa mdomo atapiga vigelegele visikike mpaka Munigi. Mama, umesikia. Ulikuwa na haki.

Kwa hiyo wanaoweka vitabu vya kampuni wasahihishe: mwaka 2010, course ya Kibumba, aliyekuwa na mbio kuliko wote alikuwa Sikuli Kamate, na mkubwa wake alilijua hilo na kulitamka kwa sauti barabarani.

Aksanti sana, Muzee Sikuli, kwa miaka thelathini na mitatu, kwa magari yaliyorudi na watu wake wazima, kwa mafundi uliowalea na sasa wanavimba vichwa kana kwamba walijifundisha. Tunakuombea siku nyingi pamoja na mama Micheline, magoti yasiyouma, usingizi wa mchana bila mtu wa kukuita chini ya lori. Mungu akutunze wewe na wako wote.

Hukuniambia kama umenisamehe, nami kule magasin sikuthubutu kuuliza. Ninauliza hapa, mbele ya wote. Unisamehe, muzee.