Uzito wa Pumzi ya Mpuliza Vioo

Mheshimiwa mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu, wageni mlioacha shughuli zenu, na wewe baba hapo nyuma unayehangaika na dirisha: liache. Najua kuna joto. Mimi ndiye niliyeomba madirisha yafungwe.

Mmeniita nifungue maabara hii, mimi nisiyejua hata kuandika jina langu, kwa kuwa humu, ilipokuwa karakana, ndimo marehemu mume wangu alimopuliza vioo mpaka kifua kikamshinda. Tufe lake la mwisho hakuliuza. Alilijaza pumzi yake, akaliziba shingo kwa moto, akanipa. "Shika, mke wangu. Nikiondoka, usikae peke yako."

Akaondoka. Au mnadhani aliondoka? Asubuhi za baridi tufe lile lilifanya ukungu kwa ndani, na mimi nikaliuliza, "Umeamka?" Mwanangu akasema, "Mama, mwache baba apumzike." Nikamwambia, "Kapumzike wewe. Baba yako ana kazi."

Ndipo akaja mjukuu wangu huyu mwenye koti jeupe. "Bibi, nipe Babu nimpime." Nikamfukuza. Akarudi, king'ang'anizi kama babu yake. "Bibi, ukungu ule ni maji tu. Gesi iliyo nyingi humo ni nitrojeni. Aliivuta ikatoka vilevile. Ila kaboni imetoka mwilini mwake. Nikijua kila gesi imo kiasi gani, na chembe zake zina uzito gani, nitakwambia humo mna Babu kiasi gani."

"Ukilikata, atatoka."

"Atatoka, Bibi."

Ningefanyaje, wazazi wenzangu? Ningekufa nalo kabatini?

Leo asubuhi, juu ya meza hii, nimempa. Akalipima likiwa zima, akalikata shingo, akainyonya hewa kwa pampu, akalifunga hewa nyingine isiingie, akapima tena tufe na kipande chake. Hewa kidogo akaipitisha kwenye mashine, akazidisha, akagawanya, akafuta, akaanza upya.

"Kaboni yote, Bibi, ni uzito wa punje ya mchele."

Punje moja! Na mchele wenyewe nilimpikia mimi.

Sasa, pampu ile hutolea hewa humu humu. Mlango nimeulinda mwenyewe mpaka mlipoingia. Msizibe pua, ni mtu mpole. Mmekuwa mkimvuta tangu mlipoketi.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa vifua vyenu. Hajawahi kuwa na wenyeji wengi hivi.

Haya, baba wa dirishani. Fungua.