Ukuta Kwenye Njia ya Mlima

Benchi la Ponnan muuza kahawa liko njia panda, barabara ya viwandani inapoachana na ile ya Mlima wa mungu Murugan. Zamani walilikalia mahujaji. Siku hizi linakaliwa na watu ambao viwanda havikuwataka. Asubuhi hiyo Bibi Kuppammal alifika peku, vumbi hadi magotini, akajibwaga. Alikuwa ameweka nadhiri: mke wa mjukuu wake akijifungua salama, atauzunguka mlima bila viatu, mlima ukiwa mkono wake wa kulia mwanzo hadi mwisho. Mtoto amezaliwa, kesho anapewa jina, na jina halitajwi kabla nadhiri haijalipwa. Lakini robo ya njia alikuta ukuta mpya wa kiwanda cha matairi, umeanzia jabalini hadi ziwani. Kugeuka ni kuuweka mlima kushoto, na kushoto kunabatilisha kila kitu. Basi akadandia lori la kokoto, akarudi amefumba macho asiuone mlima upande wa kushoto.

— Ulifumba kweli? aliuliza Muthayya, waliyemwita Relwe kwa kuwa alipunga bendera stesheni miaka thelathini.

— Nilifumba. Dereva akadhani nakata roho.

— Basi hakijaharibika kitu, alisema Selvaraj. Huyu walimwita Wakili. Kesi yake ya kisima ina miaka kumi na mmoja mahakamani. — Bibi, mungu mwenye kichwa cha tembo aliambiwa ashindane na ndugu yake Murugan kuizunguka dunia. Akawazunguka baba na mama yake, akashinda! Weka jiwe la mlima uani, ulizunguke. Kisheria inatosha.

— Wazazi wake walikuwa miungu. Jiwe la uani kwangu litakojolewa na mbuzi kabla sijamaliza.

— Mimi nasema arudi pale pale, alisema Relwe. — Apige hatua za kinyumenyume toka ukutani mpaka hapa. Uso kule, miguu huku. Mlima unabaki kulia.

— Kilomita nne kinyumenyume, na magoti haya! Nikitumbukia ziwani utaniopoa wewe?

— Treni inarudi kinyumenyume na haianguki.

— Treni ina reli, bwege wewe.

Ponnan alicheka hadi akamwaga kahawa.

— Nisikilizeni, alisema Wakili. — Tumtafutie kazi ya kufagia humo kiwandani. Anaingia lango la huku na ufagio, anafagia huku anasonga, anatokea lango la kule, anaacha kazi.

— Hawaajiri mtu aliyepita miaka thelathini, alisema Relwe.

— Tunapunguza kwenye karatasi.

— Na huu uso tunaupunguza wapi? aliuliza Kuppammal.

Walicheka. Yeye pia alicheka, ila kikombe hakukigusa. Mtoto ana siku kumi na moja na bado anaitwa "huyo".

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi msichana wa sare ya kiwanda, Sabita, mgeni kutoka jimbo la mbali la Odisha, akisubiri basi la wafanyakazi. Akakohoa kidogo.

— Samahani, bibi. Walipokuja kununua ardhi, hamkuwaambia kuna njia?

Relwe akakoroga kikombe kitupu. Wakili akafunua gazeti la juzi. Ponnan akapuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Kuppammal aliikumbuka siku ile. Mpimaji alisimama na kamba yake shambani kwake, akauliza: hapa hapapiti kitu? Njia ya mahujaji ingetolewa kwenye kipimo cha kila shamba, na malipo yangepungua. Jibu walikuwa wamekubaliana jana yake, wote, hapa hapa benchini. Yeye ndiye mkubwa wao, yeye akalitoa: wanapita mbuzi tu.

Akainuka.

— Kahawa itapoa, bibi! Unakwenda wapi? aliuliza Ponnan.

— Langoni kwao.

— Ukawaambie nini?

— Kwamba njia ilikuwepo, na nilidanganya.

Tayari alikuwa katikati ya barabara, malori yakimpigia honi. Wakili akasimama, gazeti mkononi.

— Bibi! Wakikuuliza ulikuwa na nani?

Hakugeuka.