Barua Isiyo na Kasoro

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu nje ya kibanda cha fundi viatu, birika la kahawa katikati. Kila jioni Brashi, mchora mabango, huketi hapo na Wakili, ambaye mahakamani hajakanyaga ila jina limemganda kwa ubishi. Mchezo wao ni kulichambua bango la ng'ambo ya barabara: nani anasema, anataka nini, anaficha nini. Leo Brashi hakulitazama. Alitoa barua ya binti yake wa pekee, aliyekwenda kutafuta kazi nchi za watu, huu mwaka wa tatu, akaisoma kwa sauti.

— "Baba, chumba changu kina dirisha kubwa. Kazi nzuri. Wenzangu wote wananipenda."

— Wote? Wakili alidaka. Bango la sabuni nalo linasema akina mama wote wanaitumia. Mke wangu hata kuigusa hajaigusa.

— Na hilo dirisha, alisema fundi. Kwa nini asisifie kitanda? Kitanda hakuna hapo.

— Kitanda? alisema Wakili. Chumba chenyewe hakuna. Hiyo kaandikiwa na bosi wake.

— Bosi gani? fundi alibisha. Mimi naona hata hakusafiri. Yuko mtaa wa pili, anaona haya kurudi.

Brashi hakucheka. Mwandiko aliujua: herufi zenye mikia, alizomfundisha mwenyewe, kamshika mkono juu ya ubao. Ndiye pia aliyemfundisha kwamba kwenye tangazo kizuri kinakuzwa, kibaya kinarukwa. Barua nzima haikuwa na neno "nimekukumbuka". Naye Brashi alimkumbuka mpaka kifua kinamuuma.

— Ni yeye, alisema. Anataka niamini yuko raha. Kanigeuzia ufundi wangu mwenyewe.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja kiatu chake kishonwe, mguu mmoja peku, akageuka.

— Samahani, baba. Na wewe mara ya mwisho ulimwandikia nini?

Wakili alimtazama fundi, fundi akatazama sindano.

Brashi aliukumbuka kila mstari. Nyumba nimeipaka rangi mpya. Wateja tele. Hapa sipungukiwi na kitu, wala usijisumbue kuja. Nyumba ilikuwa haijaona rangi tangu binti aondoke, na kumwomba arudi hakumwomba hata mara moja.