Mkate wa Namba Sita

Ukitoka steji ya Kitengela ukiifuata barabara ya Namanga, kabla hujafika wanapouza mabati, kuna ubao umelazwa juu ya matofali chini ya mwavuli wa fundi viatu. Hicho ndicho kijiwe. Mwenye mwavuli ni Ndambuki, anayeitwa Daktari kwa sababu hajawahi kumwambia mteja kwamba kiatu chake kimekufa. Kulia hukaa Irungu, dalali wa mashamba mwenye suti moja na ploti mia za watu wengine, jina lake la kijiweni Waziri. Kushoto hukaa Parsaoti, anayenunua mbuzi Bisil na kuwauza huku, mtu wa maneno machache mpaka uguse jambo analolijua. Katikati ni Njogu, fundi wa vigae, ambaye wamembatiza Levo, kama kile kipimo cha usawa cha mafundi, kwa kuwa hawezi kuona kitu kimepinda akanyamaza. Phylis, muuza kahawa, huwaachia thamosi, akazunguka madukani na vikombe vyake, na akirudi saa tano huikuta tupu. Hivyo ndivyo asubuhi zao huenda, isipokuwa Jumanne hii Levo alikaa kama mtu aliyekalia siafu.

— Levo, tulia, alisema Daktari, sindano ikiwa mdomoni. Unatingisha ubao. Nitajidunga.

Njogu alitulia kwa muda wa kumeza mate. Kisha akatoa simu, akaangalia saa, akairudisha mfukoni. Saa nne na dakika tano. Mteja wa Tuala alikuwa amempigia mara tatu kuuliza kama choo chake kitawekwa vigae leo au siku ya kiyama, na Njogu hakuwa amepokea hata mara moja.

— Sasa ni nini? aliuliza Waziri.

— Mum anarudi Bisil.

— Si ulisema amekuja kukaa?

— Nilisema. Asubuhi nimemuacha akifunga begi. Ati nimpeleke steji saa tano.

— Kwani kumefanyika nini?

Njogu aliona aibu hata kabla neno halijatoka.

— Mkate.

— Mkate gani?

— Mkate ya kuchoma. Vile inafaa kuwa nyeusi.

Hakuna aliyecheka. Kijiweni jambo halichekwi kabla kahawa haijamiminwa, na Waziri alikuwa bado anapangusa kikombe kwa ncha ya tai yake.

Habari yenyewe Njogu aliieleza kwa vipande, huku akisimama na kukaa. Baba yake alifariki mwaka jana, na duka lao la Bisil likafungwa. Mwezi wa pili mama aliteleza bafuni, akakaa sakafuni mpaka jirani aliposhangaa kuona mlango haujafunguliwa. Ndugu zake Njogu wakasema mama hawezi kuishi peke yake tena, naye, mwenye vyumba vitatu Kitengela, akamchukua. Celine, mkewe, hakununa. Alitandika kitanda, akanunua hata tosta, ile yenye kitufe cha kuzungusha kuanzia moja hadi sita, kwa sababu Njogu alimwambia mama anapenda mkate ulioiva kabisa. Celine mwenyewe hula mkate mbichi kutoka kwenye karatasi na hajawahi kuelewa watu wanauchoma kwa sababu gani. Lakini kwa heshima ya mama mkwe akaweka sita.

— Halafu? aliuliza Daktari.

— Halafu Mum akiamka anarudisha moja. Celine anadhani ni mtoto wetu Shiro anacheza nayo, anaweka sita. Mum anarudisha moja. Wiki tano, hakuna mtu amesema kitu.

— Hiyo ni vita, alisema Waziri kwa heshima.

— Jana Celine akibadilisha mashuka amepata kando za mkate chini ya godoro. Zimefungwa kwa gazeti. Ndani yote imekulwa, kando imeachwa. Akaniuliza, mama yako anaona chakula yangu ni ya kufichwa kama panya imekufa? Leo asubuhi akaweka sita tena, akamwekea mbele yake. Mum akasukuma sahani. Akasema hakukuja Kitengela kulishwa makaa. Celine akachomoa tosta na waya yake, akaiweka hapo mezani mbele ya Mum. Akamwambia basi leo ni yako.

— Yesu, alisema Daktari polepole.

— Halafu akaenda jikoni kulia. Nikamfuata. Akaniuliza, mama yako ananichukia kwa nini?

— Ukamwambia nini?

— Nikamwambia nakuja.

Njogu aliwapenda wote wawili, na asubuhi hiyo aliwaogopa wote wawili. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alipofunga mlango nyuma yake na kuanza kushuka ngazi, alisikia raha kidogo. Raha hiyo ilikuwa imemfuata mpaka kijiweni, na sasa ilikuwa imegeuka kitu kingine.

Daktari ndiye aliyeanza, kwa kuwa mwavuli ni wake.

— Shida ni mkate ya siku hizi. Ni hewa na sukari. Sukari ikiona moto inakimbilia nyeusi. Zamani mkate ilikuwa inakupatia notisi. Hata ngozi ya kiatu, ile ya zamani, ukiweka karibu na moto inakwambia, Ndambuki, mimi naungua. Ya sasa unashtukia imeyeyuka.

— Daktari, hatuongei viatu.

— Kila kitu ni viatu.

Waziri alinyoosha koti.

— Mnapotea. Hii si mkate, hii ni mpaka. Nyumba iko na mama wawili. Hawawezi kupigania Levo, ni aibu. Hawawezi kupigania watoto. Wanatafuta kitu ndogo iko na namba. Pale Nkoroi nimeona majirani wamepelekana kortini miaka tisa juu ya futi mbili ya nyasi, na hakuna hata mmoja ako na ng'ombe.

— Sasa nifanye nini?

— Leta mtu wa nje. Pasta, chifu, yeyote. Asimame mbele ya tosta na mashahidi, asome namba. Tatu. Halafu apige gundi hapo hapo. Haizunguki tena maisha yake yote.

— Gundi niko nayo, alisema Daktari, na kweli akaigusa.

Njogu aliiona gundi ile ikikauka vizuri kwenye namba tatu, na mama yake akiwa ndani ya gari la Bisil, begi mapajani. Akaangalia saa. Nne na ishirini. Wakati huo mama mmoja alikuwa amefika, kikapu cha mboga za managu mkononi na ndala moja imekatika mkanda. Alisalimia, akampa Daktari ndala, akakaa kwenye stuli ya wateja na kuuweka mguu wake mtupu juu ya kipande cha kartoni. Wanaume walimpokea salamu wakaendelea.

— Mimi naona ni jua, alisema Daktari akianza kuushona mkanda. Mtu amekaa Bisil miaka yote hiyo, jua imemchoma ikamaliza. Mtu ameshachomwa hawezi taka kitu ingine imechomwa. Lakini angalia watu wa Limuru na hiyo baridi yao. Hao wanakula mkate mpaka inapiga kelele.

— Hapana, alisema Parsaoti.

Alipolitamka neno hilo, wote waligeuka, kwa sababu lilikuwa lake la kwanza tangu asubuhi.

— Huyo mama namjua mimi. Siku ya soko tulikuwa tunaingia kwa duka yake mapema, kabla mbuzi zifike. Miaka kumi na tano. Anaweka mkate kwa wavu juu ya makaa, mpaka kando inakuwa nyeusi. Ukiuma inalia. Tulikuwa tunapenda kwa sababu iko na moshi, kama maziwa ya kibuyu. Na yake alikuwa anakula amesimama, mkono moja kwa kiuno. Yake ilikuwa nyeusi kushinda ya sisi wote.

— Ndio hiyo nilimwambia Celine, alisema Njogu, na sauti yake ikapanda. Mimi nimelelewa na hiyo mkate. Sikumdanganya.

— Sasa alibadilika lini? aliuliza Waziri.

Hakuna aliyejua. Na kwa kuwa hakuna aliyejua, nadharia zilianza kupanda juu bila ngazi.

— Ni stima, alisema Waziri. Stima haichomi. Stima inatisha mkate tu mpaka inabadilisha rangi.

— Hiyo ni ukweli, alisema Daktari. Huko nje nyeusi, lakini ndani hata haijui kumetokea nini. Mama ameonja akajua hii ni uongo.

— Basi anunue jiko, alisema Parsaoti.

— Ghorofa ya tatu? alisema Waziri. Landilodi atafukuza mpaka wale wa chini. Sikiza, Levo. Dawa ni tosta mbili. Moja ya mama, moja ya bibi. Kila mtu na soketi yake. Hata ikiwezekana unapasua ukuta, kila mtu na mlango yake. Unakata nyumba mara mbili, hati mbili.

— Na watoto?

Waziri alifikiri kwa sekunde moja.

— Watoto wanakuwa road reserve, ile ardhi ya barabara haina mwenyewe.

Daktari alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Njogu hakucheka. Alikuwa amesimama tena, akazunguka mwavuli, akarudi, akasogeza tofali la ubao kwa kidole cha mguu kwa sababu lilikuwa limepinda, akakaa. Saa nne na dakika thelathini na tano. Alitamani mtu amwambie neno moja ambalo angeweza kulibeba akapanda nalo ngazi, na watu hawa, aliowapenda kama ndugu, walikuwa wamempa gundi na kupasua ukuta.

— Samahani, vijana, alisema yule mama wa ndala.

Waziri, ambaye alipita hamsini zamani, alifurahi kuitwa kijana.

— Sema, mama.

— Huyo shosho ako na meno?

Daktari alitoa sindano mdomoni.

— Meno?

— Meno. Ya kutafuna.

Alikuwa ameinua kiganja mbele ya midomo alipouliza, kama mtu anayeficha mwayo, na Njogu aliuona mkono ule. Aliujua. Mama yake sasa hucheka hivyo, ncha ya leso ikiwa mdomoni, na Njogu alikuwa amedhani ni uzee, au ni msiba wa baba.

Alitafuta kichwani. Yeye ni mtu wa kuingia sebuleni mwa watu akajua sakafu imeshuka milimita mbili. Alijua kona gani ya duka la Bisil ilikuwa imebonyea, na kigae gani cha bafuni ndicho kilichomwangusha mama. Lakini kinywa cha mama yake hakukiona. Alichokiona ni nyama ikitoka kwenye sahani ya mama na kuingia kwenye sahani ya Shiro kila Jumapili, mtoto ale, mtoto anakua. Aliona mkate ukitumbukizwa kwenye chai na kukaa humo mpaka uanguke. Aliona uji kila jioni, ati ugali unamlemea. Na zile kando kwenye gazeti hazikuwa zimetupwa kwa dharau. Zilikuwa zimegugunwa mpaka pale alipoweza.

— Sijui, alisema.

Waziri alimgeukia Parsaoti.

— Si wewe ulikuwa kwake miaka kumi na tano?

— Wakati huo meno ilikuwa. Lakini hiyo ni zamani.

— Na wako? Daktari alimuuliza Waziri.

— Wangu nini?

— Mama yako. Ako nayo?

Waziri aliinamisha thamosi juu ya kikombe chake. Yakatoka matone mawili. Akaitikisa, akaiweka chini, akaendelea kuiangalia kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Yule mama alipokea ndala yake, akauvuta mkanda kuona kama umeshika, akavaa.

Njogu alikuwa tayari ameshika simu. Ilimjia waziwazi kwamba kila asubuhi kwa wiki tano mkewe alikuwa ameamka mapema kumkaushia mama mkate kwa upendo, na kila asubuhi mama alikuwa amekaa mbele ya sahani ile kwa hofu, na aliyewapangia hayo yote ni yeye. Akabonyeza namba.

— Nimemaliza kufunga, alisema mama yake, kwa lugha ya nyumbani. Uko wapi? Magari yataniacha.

— Niko hapa kwa fundi viatu.

— Njoo basi.

— Mum. Ule mkate. Ni meno?

Kwenye simu alisikia maji yakitiririka jikoni na vyombo vikigongana, ni Celine. Kisha akasikia nyayo za mama zikienda polepole, na mlango wa chumba ukifungwa taratibu ili mtu wa jikoni asisikie. Mama yake aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa ndogo.

— Nani amekuambia?